Lugha ndogo haiuawi na jirani: Kikaraimu cha Trakai na Kinubi chetu

Mhariri,

Ninaomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nijibu makala mliyoichapa juma lililopita kuhusu lugha ndogo za Uganda, ambamo mwandishi wenu alieleza kwamba Kinubi kinafifia kwa sababu kimechanganyika mno na lugha za majirani, na kwamba tangu asili hakikuwa lugha kamili bali Kiarabu kilichoharibika. Mimi nimezaliwa Bombo, katika nyumba iliyozungumza Kinubi, na nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari kwa miaka 31. Kwamba Kinubi kinapungua midomoni mwa watoto wetu ni kweli, na jambo hilo linaniuma. Sababu aliyoitoa ndiyo ninayoipinga. Na ili nisionekane natetea cha kwetu kwa kuwa ni cha kwetu, naomba nianzie mbali, katika mji mmoja wa Lithuania ambao lugha yake nimekuwa nikiifuatilia tangu nilipokuwa mwanafunzi wa fonolojia, yaani elimu ya mifumo ya sauti.

Mji huo unaitwa Trakai. Umezungukwa na maziwa, kiasi cha kilomita 28 kutoka Vilnius, mji mkuu wa nchi hiyo, na una mtaa wa nyumba za mbao ambazo kila moja imeelekeza madirisha matatu barabarani. Wenye mtaa huo ni Wakaraimu, watu waliosifika kwa kilimo cha matango na kwa kibin, kitafunio cha unga kilichojazwa nyama, ambacho mtu wa huku akikiona atakifananisha na sambusa. Wazee wao waliletwa kutoka Rasi ya Krimea na Mtawala Mkuu Vytautas mwishoni mwa karne ya 14 ili walinde ngome yake. Dini yao hufuata maandiko ya Torati bila kuikubali Talmud, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, na lugha yao, Kikaraimu, ni ya jamii ya lugha za Kituruki, katika tawi moja na Kitatari na Kikazaki. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 600 lugha ya Kituruki imeishi kaskazini mwa Ulaya, mbali na ndugu zake, ikizungukwa na Kilithuania, Kipolandi, Kibelarusi na Kirusi.

Mnubi anayesoma habari hii hahitaji kuambiwa kwa nini ilinigusa. Mababu zetu nao walikuwa askari. Walikuwa katika jeshi la Emin Pasha, gavana wa jimbo la Equatoria kusini mwa Sudan, wakaachwa karibu na Ziwa Albert, na mwaka 1891 Lugard, afisa wa Kiingereza, akawachukua kutoka Kavalli kuja kuutumikia utawala mpya wa Waingereza. Vizazi vilivyofuata viliingia katika kikosi cha King's African Rifles, na Bombo ikawa kambi yao kuu. Lugha waliyokuja nayo ilikuwa Kiarabu cha kambini, ambacho kilikuwa kimekwisha kugeuka kuwa kitu kingine midomoni mwa watu wa makabila mengi ya kusini mwa Sudan, na kilipofika huku kikakaa katikati ya Kiganda na Kiswahili.

Sasa niingie katika sauti, kwa maana hapo ndipo hoja yangu ilipo. Lugha nyingi za Kituruki zina utaratibu ambao walimu wa lugha huuita ulinganifu wa irabu. Katika Kituruki cha Uturuki kuna irabu nane, nne zinatamkwa ulimi ukiwa umesogea mbele na nne ukiwa umerudi nyuma, na neno la asili kwa kawaida huchagua kundi moja na kubaki nalo mpaka mwisho, hata viambishi vyake. Farasi ni *at*, na farasi wengi ni *atlar*. Jicho ni *göz*, na macho ni *gözler*. Kiambishi cha wingi ni kile kile, ila kimebadili irabu yake ili ipatane na ya mzizi.

Msomaji asidhani kwamba hili ni jambo la ajabu la nchi za mbali. Sisi wenyewe tunalo na tunalitumia kila tunapofungua vinywa. Kwa nini tunasema pigia, fungia na pakia, lakini tunasema chekea na somea? Kiambishi cha kutendea ni kimoja, na irabu ya mzizi ndiyo inayoamua kama kitakuwa *-i-* au *-e-*. Mzizi wenye e au o unataka *-e-*, na mizizi mingine inataka *-i-*. Nimewauliza wanafunzi wa kidato cha tatu swali hili mwaka baada ya mwaka, na sijapata kumwona hata mmoja anayekosea kusema, ingawa karibu wote hushindwa kueleza kanuni. Hivyo ndivyo mfumo wa sauti ulivyo: mtu huubeba bila kujua kwamba ameubeba, na asipompokeza mtoto wake hatambui alichokiacha.

Kilichotokea Trakai ni kwamba ulinganifu ule ulihama. Wakaraimu waliishi miongoni mwa watu ambao lugha zao hutofautisha konsonanti ngumu na konsonanti laini. Anayetaka kusikia tofauti hiyo atamke *Kampala*, kisha atamke *Kyambogo*, na aangalie ulimi wake unavyopanda kwenye kaakaa katika neno la pili. Au alinganishe n na ny katika nana na nyanya. Kipolandi, Kirusi na Kilithuania zina jozi za namna hiyo kwa konsonanti nyingi, na masikio ya Wakaraimu yalizizoea kizazi baada ya kizazi. Polepole irabu ö na ü, isipokuwa zilipokuwa mwanzoni mwa neno, ziligeuka kuwa o na u za kawaida, na ule umbele wake ukaingia katika konsonanti zilizo jirani nazo. Jicho likawa *kioz*, ambapo ile i haitamkwi kama irabu, inaonyesha tu kwamba k imelainishwa, kama y katika Kyambogo. Siku, ambayo Mturuki anaiita *gün*, ikawa *kiun*, na n yake ya mwisho nayo ni laini.

Jambo linalonistaajabisha zaidi liko katika wingi. Farasi wengi huko Trakai ni *atlar*, sawasawa na Uturuki. Macho ni *kiozliar*. Tazama vizuri: irabu ya kiambishi ni a katika maneno yote mawili, na kinachotofautisha ni kwamba l na r za neno la pili ni laini. Neno zima ama ni gumu ama ni laini. Kanuni ya kale ya Kituruki, kwamba neno lichague upande mmoja na lishikamane nao, haikuvunjwa. Ilitoka kwenye irabu ikaenda kukaa kwenye konsonanti, mahali ambapo majirani walikuwa wamefungua nafasi. Tadeusz Kowalski, mtaalamu wa Poland, aliyachapa matini ya lahaja ya Trakai mwaka 1929, akiyaandika kwa uangalifu mkubwa wa matamshi, na tangu hapo Kikaraimu kimekuwa mfano unaotajwa duniani kote wanapojadili ulinganifu wa konsonanti. Wapo wanaobisha kwamba ni silabi nzima inayolainika, wala si konsonanti peke yake, na ubishi huo haujaisha. Kwangu mimi inatosha kwamba watu wachache waliokaa katika mtaa mmoja wa nyumba za mbao walijenga, bila kukusudia, mfumo wa sauti ambao wasomi wa lugha bado wanaujadili baada ya karibu miaka 100.

Kusini zaidi, katika miji ya Halych na Lutsk ambayo leo iko Ukraine, waliishi Wakaraimu wengine wenye lahaja tofauti. Wao hawakulainisha konsonanti kwa namna ile. Waliziachia ö na ü zigeuke e na i, hivyo jicho likawa *kez* na siku ikawa *kin*, na sh ikawa s, kwa hiyo kichwa ambacho Trakai ni *bash* kule kikawa *bas*. Watu wa asili moja, dini moja, na vitabu vile vile vya sala, walipokaa na majirani tofauti walitengeneza sauti tofauti. Je, ni ipi kati ya lahaja hizo mbili tutakayoiita iliyoharibika? Mwandishi wenu angekuwepo katika karne ya 17 akasikia irabu za Kituruki zikiyeyuka Trakai, kwa kipimo chake angetangaza kwamba lugha ile imekwisha. Ilikuwa bado na karne tatu za kuimba, kuapiza, kupatana bei na kubembeleza watoto.

Kilichoidhoofisha kilikuja baadaye, na hakikutoka katika sauti. Vita Kuu ya Kwanza iliwaondoa Wakaraimu wengi makwao na kuwatawanya Urusi. Waliorudi walijikuta chini ya Poland, kisha chini ya utawala wa Kisovieti, na mtu aliyeishi miaka 80 katika nyumba ile ile alibadilishiwa lugha ya serikali mara kadhaa bila kuvuka kizingiti chake. Vijana walioa na kuolewa nje, kwa sababu jamii ilikuwa ndogo mno. Ibada zilibanwa, na ibada ndiyo iliyokuwa shule ya lugha. Mtoto alisoma kwa Kirusi au kwa Kilithuania, akirudi nyumbani mama akamjibu kwa lugha ile ile aliyoingia nayo, kwa kumhurumia, ili asipate tabu darasani. Leo Wakaraimu wa Lithuania hawafiki 300, na wanaokizungumza Kikaraimu vizuri ni wachache sana miongoni mwa hao, wengi wao wakiwa wazee. Lahaja ya Halych na Lutsk imenyamaza karibu kabisa. Miaka 600 ya majirani haikuiua lugha hiyo, lakini vizazi viwili au vitatu vya wazazi waliowajibu watoto kwa lugha nyingine viliifikisha ukingoni.

Nami ni mzazi wa kizazi cha namna hiyo, Mhariri, na nalisema hili kwa majuto. Katika shule niliyosoma, mwanafunzi aliyekamatwa akisema lugha ya nyumbani alivishwa kipande cha ubao shingoni, akatembea nacho mpaka amkamate mwenzake. Nilikivaa mara nyingi. Nilipopata watoto wangu nilizungumza nao Kiswahili na Kiingereza, nikajiambia kwamba Kinubi watakiokota kwa bibi yao. Bibi yao alifariki mtoto wangu mkubwa akiwa na miaka sita. Watoto wangu wanaelewa wakiitwa kula na wakigombezwa, basi, na hakuna Mganda wala Mwacholi wala jirani mwingine yeyote ninayeweza kumtwika lawama hiyo.

Nirudi kwenye neno lile la kuharibika, kwa sababu limewaumiza watu wengi wa Bombo na limewafanya baadhi yao waione lugha yao kama aibu. Kweli, Kinubi kimeziacha sauti kadhaa za Kiarabu, zile za kooni na zile nzito. Mwarabu anasema *khamsa* kwa tano, Mnubi anasema *kamsa*. Lakini neno hilo hilo la Kiarabu lilipofika pwani yetu, Mswahili alilifanyia nini? Alitoa humo hamsini na Alhamisi, kwa h nyepesi ambayo Mwarabu haitambui kuwa ni yake, na sijapata kusoma makala inayosema kwamba Kiswahili ni lugha iliyoharibika kwa kuwa tunasema hamsini. Maji kwa Kinubi ni *moyo*, neno lililotokana na Kiarabu cha Sudan, na mtoto wa Bombo anajua kabisa wakati gani *moyo* ni wa kunywa na wakati gani ni wa kifuani, kutegemea yuko upande gani wa ua. Kinubi kiliyachukua maneno ya Kiarabu kikayatengenezea mfumo mpya wa sauti na sarufi yake yenyewe, yenye kanuni zinazofundishika. Wataalamu wa lugha wanaiita krioli, yaani lugha iliyozaliwa kutokana na mchanganyiko wa lugha kisha ikawa lugha ya mama ya watoto, na krioli ni lugha kamili.

Naomba pia tuwatendee haki wenzetu wanaojifunza Kiswahili hapa Uganda, maana makala iligusia "matamshi mabovu" yao pia. Mganda akisema *habali* badala ya habari, na *hera* badala ya hela, hachanganyi r na l ovyo. Katika Kiganda r hutokea baada ya e na i, na kwingineko hutokea l: kazi ni *omulimu*, jina ni *erinnya*. Anaichukua kanuni ya kwao na kuitumia kwa uaminifu katika lugha ya wengine. Darasani nitamsahihisha, kwa sababu mtihani unataka hivyo na kwa sababu kura na kula ni mambo mawili, lakini kabla ya kumsahihisha ninamwambia kwamba alichokifanya kina kanuni, na mara nyingi hujifunza haraka zaidi baada ya kuambiwa hivyo. Serikali imekwisha kukifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, na tangu mwaka 2022 Baraza la Mawaziri linataka kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tutawapata watoto wengi zaidi wenye kanuni za kwao vinywani, na namna tutakavyozungumza kuhusu kanuni hizo itaamua kama watoto hao watakiona Kiswahili kama nyumba ya pili au kama kile kipande cha ubao.

Jambo la mwisho linahusu uhifadhi. Makala ilipendekeza kamusi, na mimi siipingi kamusi. Lakini Kikaraimu kinatufundisha kwamba maandishi yanaweza kuhifadhi maneno yakaipoteza sauti. Kwa karne nyingi Wakaraimu waliandika kwa herufi za Kiebrania, na wasomi wanaotaka kujua ni lini hasa konsonanti za Trakai zilianza kulainika hulazimika kuchunguza tahajia za miswada ya kale, kosa kwa kosa, kwa kuwa herufi zile hazikukusudiwa kuonyesha mambo hayo. Nasi tunajua taabu hiyo kutokana na tenzi zetu za kale zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, ambayo haitenganishi i na e wala u na o, hata msomaji wa leo akabaki kukisia. Ndiyo maana naithamini sana kazi iliyofanywa Trakai tangu miaka ya 1990, ambapo Éva Csató wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, aliketi na wazungumzaji wenyewe na kurekodi sauti zao zikiwa hai, na baadaye kukaanzishwa masomo ya majira ya kiangazi ambamo vijana wa Kikaraimu hujifunza lugha ya mababu palepale mjini kwao. Mykolas Firkovičius, kiongozi wao wa dini, naye alikwisha kuwatolea kitabu cha kujifunzia mwaka 1996. Kitabu na sauti vilikwenda pamoja.

Huku kwetu karibu kila kijana ana simu inayorekodi. Hatuhitaji kusubiri mradi wala mfadhili ili tuanze na wazee walio hai, na hili nalisema pia kwa ajili ya Waik wa Kaabong na Watepeth wa Mlima Moroto, ambao lugha zao ni za ukoo mdogo mno usio na ndugu wengi, na ambao sauti zao zitapotea zote zisiporekodiwa kwa sikio la anayezijua. Warekodiwe wakizungumza wao kwa wao, wakibishana, wakipika, wakimwita mtoto kwa hasira. Mzee anayesomewa orodha ya maneno ayatamke moja moja huyatamka kwa adabu ya mgeni, na sauti zinazogusana ndani ya sentensi hazisikiki hapo. Na mtoto awepo chumbani, asikie, aulize.

Mimi nimeanza na shangazi yangu, mwenye umri wa miaka 84, ambaye nimekwisha kumrekodi kwa saa kumi na moja akisimulia jinsi ya kusuka vitanga na akimsahihisha mjukuu wangu kila anapokosea. Ombi langu kwa gazeti lenu ni mambo mawili: mchape sahihisho kuhusu lile neno "kuharibika", na mumtume mwandishi wenu aje Bombo amsikilize shangazi kabla hajaandika tena juu ya Kinubi. Yuko nyumbani kila siku alasiri, isipokuwa Ijumaa.

Wako katika kazi ya lugha,

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Bombo, Wilaya ya Luwero